Mzizi wa Morup, Ua la Kunzes

Kijiji cha Lungmar kilikuwa na matabibu wawili, au amchi kama wanavyoitwa huko, na kwa bahati mbaya matabibu hao walikuwa mke na mume. Ukiumwa tumbo ilikubidi uamue kwanza utabisha mlango upi. Mlango wa nyuma, karibu na zizi la mbuzi, ulikuwa wa Amchi Morup, aliyefundishwa uganga na mjomba wake mtawa kule ng'ambo ya milima. Mlango wa mbele ulikuwa wa Amchi Kunzes, aliyefundishwa na baba yake mzazi. Mzee yule hakujaliwa mtoto wa kiume, akamrithisha binti mifuko yake ya dawa huku kijiji kizima kikimcheka.

Wote wawili walishika mapigo ya mkono kwa vidole vitatu, wote walitazama mkojo na ulimi, na wote walikausha dawa zao kwenye dari lilelile. Lakini hawakuwahi kukubaliana hata siku moja. Morup aliamini mzizi mchungu, unaoota kwenye nyasi mbichi chini ya theluji inayoyeyuka. Kunzes aliamini ua la bluu la kwenye kokoto za juu kabisa, ambako hata mbuzi hufikiri mara mbili kabla ya kupanda.

"Maua ni ya kupamba kofia za maharusi," Morup alipenda kusema wagonjwa wakisikia.

"Na huo mzizi wako ni wa kufukuzia kunguni," Kunzes alijibu. "Hata kunguni wenyewe wanarudi."

Walikuwa wamezoea. Binti yao wa pekee, Diskit, alikulia katikati ya kelele hizo, akaolewa Leh mjini, na kila alipopiga simu nyumbani swali lake la kwanza lilikuwa, "Leo mnagombania nini?"

Ilikuwa wakati wa kupanda shayiri ndipo Kunzes alipougusa uvimbe. Alikuwa anaoga karibu na jiko, mgongo umeelekea moto, na mkono wake ulipopita kwenye ziwa la kushoto ulikutana na kitu kigumu kama mbegu ya aprikoti chini ya ngozi. Akarudisha vidole palepale. Akabonyeza. Hakikuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa ameshagusa vitu kama hicho kwenye miili ya wanawake wengine, na alikuwa amewahi kumwona baba yake, tabibu aliyesifika bonde zima, akimtibu mama mmoja kwa kila alichokuwa nacho mfukoni, kisha akaketi nje na kusema mkono wake umefika mwisho.

Hakumwambia mtu. Mchana alishika jembe kama kawaida, asubuhi na jioni akachemsha ua lake la bluu na kunywa kikombe kizima. Mfuko wa ua ulianza kulegea. Morup si mtu wa kuona vumbi wala sahani chafu, ila mfuko wa dawa unaopungua aliuona mara moja.

"Mama Diskit, nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Unakunywa ua lako kama watu wanavyokunywa chai. Nani anaumwa?"

"Si nimekwambia hakuna? Kwani siku hizi napeleka ripoti kwako?"

"Lete mkono."

Alitaka kukataa, lakini mkono ulikuwa umeshachukuliwa. Morup akaweka vidole vitatu, akafumba macho. Kunzes akangoja kejeli. Haikuja. Mume wake alikaa vile kwa muda mrefu, akahamia mkono wa pili, akarudi wa kwanza.

"Ni wapi?" aliuliza.

Kunzes akafungua vifungo, akauchukua mkono wa mumewe na kuuweka pale. Morup akagusa, akautoa mkono haraka kama aliyeshika jiko la moto. Akainuka, akaelekea kwenye ngazi ya dari.

"Unakwenda wapi?"

"Kuleta mzizi. Tunaanza leo."

"Sitaki."

"Haya, endelea na maua yako basi, uone!"

"Wala maua yangu," Kunzes alisema. "Sitakunywa mzizi wako, sitakunywa ua langu. Kesho nakwenda Leh kwa Diskit, anipeleke hospitali."

Morup akabaki kwenye ngazi, mguu mmoja juu mmoja chini. "Wewe? Tabibu mtoto wa tabibu? Watu watasema nini?"

"Watasema Amchi Kunzes amekwenda hospitali. Waache waseme. Mimi nataka kuishi, Baba Diskit."

Neno hilo lilimshusha Morup kwenye ngazi. Usiku ule alijifanya amelala, na Kunzes naye akajifanya hamsikii akivuta kamasi.

Hospitali walikutana na Daktari Nilza, mwanamke mfupi wa palepale Leh aliyesomea saratani Delhi na kurudi nyumbani. Alichukua kipande cha nyama kwa sindano, akakituma kupimwa, na majibu yaliporudi aliwaketisha wote watatu, Kunzes, Morup na Diskit, akazungumza nao bila kuzungukazunguka.

"Ama-le, mama yangu, ni saratani. Lakini haijasambaa. Tutaanza na dawa za dripu zipunguze uvimbe, halafu tutafanya upasuaji. Una nafasi nzuri, na sisemi hivyo kukufariji."

Diskit akaanza kulia. Kunzes akamshika goti, macho yake kwa daktari. "Na dawa zetu?"

"Mna dawa gani?"

Morup alikuwa akilingoja swali hilo. Akaeleza mzizi wake, tangu mjomba aliyemfundisha mpaka nyasi unakoota, akapanua kifua. Kunzes akaongeza ua lake. Daktari Nilza akasikiliza mpaka mwisho, kalamu imetulia mezani.

"Bibi yangu alinilea kwa dawa za amchi," alisema. "Sisemi ni takataka. Nasema sijui zinafanya nini zikikutana na dripu zangu. Ini la mama ni moja tu. Siwezi kulibebesha mizigo ya watu wawili ambao hawajaambiana wamebeba nini. Mpaka tumalize, hakuna mzizi, hakuna ua. Nipe ahadi."

"Nakuahidi," Kunzes alisema.

"Na wewe, Aba-le, baba yangu?"

Morup akatazama dirishani. "Mimi si mgonjwa," alijibu.

Dripu ilimpiga Kunzes kuliko alivyotarajia. Kila alipotoka kuwekewa, alilala nyumbani kwa Diskit siku kadhaa bila kutaka kuona chakula. Harufu ya siagi, aliyoipenda tangu utotoni, sasa ilimtuma mbio uani. Nywele zilianza kubaki kwenye mto. Asubuhi moja akazikata zote, akamgeukia mumewe.

"Sema tu. Najua una la kusema."

Morup akamtazama mbele na nyuma. "Sasa umefanana kabisa na mjomba wangu mtawa, kipara hichohicho. Nikikuletea mgonjwa mbele yako, atakusujudia."

Kunzes akacheka mpaka akashika tumbo, akatapika, akacheka tena. Diskit alikuja mbio kutoka jikoni, akawakuta wameegemeana kama walevi.

Lakini mizaha haikumtosha Morup. Kila alipomwona mkewe akirudi kutoka hospitali, uso umekuwa rangi ya majivu, alikunja mikono na kuikunjua. Alikuwa ametibu watu maisha yake yote, na sasa kazi yake ilikuwa kubeba beseni. Mwishoni mwa kiangazi akaaga kwamba anakwenda Lungmar kuangalia mbuzi. Alikawia. Aliporudi midomo ilikuwa imepasuka kwa jua na upepo, na alichechemea.

"Mbuzi wamekupiga?" Kunzes aliuliza.

"Mbuzi wazima," alijibu, akaingia jikoni.

Jioni ile alimtengenezea chai mwenyewe. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu, maana Morup hakuwahi kutengeneza chai tangu harusi. Kunzes akapokea kikombe, akanusa huku akiivumilia siagi, akachovya ulimi. Chini ya chumvi na siagi za chai ya milimani palikuwa na uchungu anaoufahamu, uchungu wa mzizi. Alitaka kukitupa kikombe ukutani. Kisha akasita. Nyuma ya uchungu palikuwa na kitu kingine, harufu ya mawe yaliyopata jua baada ya mvua. Angeitambua harufu hiyo hata akiwa amekufa.

"Baba Diskit. Umetia ua langu."

Morup akajishughulisha na kuni.

"Nakuuliza. Umelipata wapi? La kwangu liliisha darini."

"Kwenye kokoto. Kule juu, baba yako alikokuwa anakwenda."

"Wewe? Na magoti hayo?"

"Niliteleza mara moja tu."

"Mwongo."

"Basi, zaidi ya mara moja."

Kunzes alikiweka kikombe chini polepole. Tangu waoane, mume huyu alikuwa amelitukana ua lile mbele ya wagonjwa, mbele ya ndugu, mbele ya mtoto wao. Na sasa alikuwa amelipandia mlima peke yake, kwa magoti yaliyochoka.

"Si ulisema maua ni ya kupamba kofia?"

"Nimesema mengi."

"Na mjomba wako si alikukataza kuvichanganya? Kimoja kinapoza, kingine kinachemsha. Ulikuwa ukisema ni kama kumwaga maji kwenye mafuta ya moto."

"Mjomba alikuwa mtawa," Morup alisema, na sauti ikamkatika. "Hakuwahi kuuguliwa na mke."

Kunzes akamshika mkono. Lakini aliposema, alisema neno ambalo mumewe hakulitegemea. "Sitakunywa."

"Onja tu kidogo! Nimekaa njia nzima nikifikiria. Mzizi unapoza damu, lakini peke yake haufiki ndani. Ua linafungua njia. Nilikuwa mjinga sikuliona hilo miaka yote. Kunzes, kunywa!"

"Nilimwahidi daktari. Na wewe ungekuwa na mgonjwa anayekunywa dawa yako huku anameza ya jirani kwa siri, ungefanya nini?"

"Ningemfukuza," Morup alikiri shingo upande.

"Basi. Kesho utakuja nami kwa Daktari Nilza, na utamweleza mwenyewe."

Wakaenda. Morup alitembea nyuma ya mkewe kama mtoto wa shule aliyekamatwa na maembe ya mwalimu, dawa imefungwa kwenye kitambaa. Daktari Nilza aliposikia, alisimama.

"Amekunywa vikombe vingapi?"

"Hata kimoja. Alionja kwa ncha ya ulimi," Morup alisema. "Huyu mwanamke anajua dawa zangu kuliko anavyozijua nguo zangu."

Daktari hakucheka. Aliagiza damu ipimwe palepale, na hakuketi kwa utulivu mpaka majibu yalipotoka kwamba ini liko salama. Kisha akamgeukia Morup. Kunzes, aliyedhani atamsikia akimkaripia, akashangaa kusikia swali.

"Kwa nini ulivichanganya, Aba-le? Nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi."

Morup akaanza kwa kusitasita, akaeleza habari ya kupoza na kufungua njia. Kunzes akamkatiza alipokosea habari za ua, naye akamkatiza mkewe habari za mzizi, na kabla daktari hajajua kinachoendelea walikuwa wanabishana juu ya mwezi wa kuchimba, upande wa mlima, na kama maji ya kuchemshia yawe ya mto au ya theluji. Daktari Nilza alikuwa anaandika kwa haraka.

"Nimesoma na mtu anayefanya kazi maabara, Delhi," alisema walipotulia. "Wanafuga chembe za saratani ya matiti kwenye vichupa, wanazijaribia dawa. Nitampelekea mzizi na ua, kila kimoja kivyake na vikiwa pamoja. Ila msijenge matumaini ya bure. Vitu vingi huua chembe za kwenye kichupa. Hata sabuni inaua."

"Na sisi tunapata nini?" Morup aliuliza.

"Mnapata kujua," Kunzes alimjibu kabla ya daktari.

Dripu zikaisha. Majani ya mipopla, miti mirefu ya kando ya mito, yalipogeuka manjano Kunzes aliingia chumba cha upasuaji, na Morup akakaa nje akizungusha shanga za sala bila kusali, maana maneno yalikuwa yamemtoroka. Alipoletewa habari kwamba uvimbe ulikuwa umenywea sana na umetolewa wote, aliketi chini sakafuni, katikati ya njia, wauguzi wakampita kando.

Diskit alimwinamia. "Aba, unadhani ile dawa yenu...?"

"Hakunywa," Morup alisema. "Hiyo ni dripu ya daktari. Usinipe sifa isiyo yangu, binti yangu. Ningeipenda sana, ndiyo maana nakukataza."

Kunzes alikuwa bado na bendeji, ameegemea mito na kunywa mchuzi wa kwanza uliokaa tumboni, siku Daktari Nilza alipoingia na simu mkononi. Macho yake yaling'aa kwa namna ambayo hawakuwa wameiona.

"Majibu ya Delhi," alisema. "Nianze na nani?"

"Mzizi," Morup akawahi.

"Mzizi peke yake: chembe zilipungua mwendo kidogo. Kidogo sana."

"Kunguni," Kunzes akanong'ona kwenye bakuli.

"Ua peke yake," daktari aliendelea, "chembe hazikujali. Ni kama vile walizipa chai."

"Kofia za maharusi!" Morup akapiga goti lake.

"Sasa nisikilizeni." Daktari akavuta kiti. "Vikiwa pamoja, chembe karibu zote ziliacha kugawanyika, na nyingi zikafa. Kwa kiasi kidogo cha dawa. Na chembe nzima, zisizo na ugonjwa, hazikuumia sana. Hawakuamini, wakarudia. Ikawa vilevile. Wakampa mtu mwingine arudie bila kumwambia kilichomo. Vilevile."

Kunzes alimtafuta mumewe kwa macho, akakuta na yeye anamtafuta. Miaka yote ya ndoa yao, dawa ilikuwa imelala darini kwao, nusu kwenye mfuko huu na nusu kwenye mfuko ule, ikitenganishwa na ugomvi wao.

"Ni tiba?" Kunzes aliuliza.

"Hapana. Ni mlango uliofunguka kidogo. Sasa watajaribu kwa panya. Panya wakiwa salama, kuna hatua nyingine, na nyingine, ndipo wafikiriwe watu. Inaweza kuishia njiani, Ama-le, nyingi huishia njiani. Lakini hawa watu wa maabara wana furaha, na mimi pia nina furaha, na sikumbuki mara ya mwisho kusema hivyo kazini. Wanaomba mimea zaidi. Na wanauliza kipimo. Sehemu ngapi za mzizi kwa ngapi za ua?"

"Mbili kwa moja," Morup alisema.

"Mbili kwa moja? Ndiyo maana ilikuwa chungu vile! Sawa kwa sawa."

"Nani aliyeichanganya, wewe au mimi?"

"Ulichanganya ukiwa na hofu. Mtu mwenye hofu hapimi."

Daktari Nilza akasema wataandika vipimo vyote viwili na maabara itajaribu kila kimoja. Waliendelea kubishana hata baada ya yeye kutoka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akawaomba wapunguze sauti.

Nywele za Kunzes ziliota tena zikiwa fupi na za kijivu, zikamfaa. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, akaufanyisha mazoezi kila siku kwa kukanda unga wa shayiri. Theluji ilipoyeyuka alipanda na Morup hadi kwenye nyasi za mzizi, kisha polepole, wakipumzika kila jiwe, hadi kwenye kokoto za ua. Walichukua kidogo tu, wakaacha mengine yatoe mbegu, na wakaotesha mimea michache kando ya kijito nyuma ya nyumba. Habari ilikuwa imeshafika kwamba panya wa kwanza hawakudhurika na kwamba uvimbe wa saratani waliopandikizwa ulikuwa unakua kwa kusuasua.

Habari nyingine ilikuwa imekimbia mbele yao. Bondeni kote watu walisema matabibu wa Lungmar wamegundua dawa ya saratani. Ndivyo alivyokuja Zangmo, mwanamke wa kijiji cha chini, mama wa watoto wadogo, amejifunga shali mpaka shingoni kwenye joto lile. Aliketi, akakataa chai, akasema kwa kunong'ona kwamba ameona kitu kwenye ziwa lake na anataka dawa ya mchanganyiko.

Morup ndiye aliyemjibu. "Dawa yetu bado iko kwa panya, binti yangu. Waache panya wamalize kwanza."

"Lakini Amchi Kunzes amepona! Kila mtu anajua."

"Mimi nimepona kwa dripu na kisu," Kunzes alisema. Akafunga mlango, akafungua vifungo vyake na kumwonyesha kovu lote, refu, lenye rangi ya waridi. Zangmo akaliangalia kwa hofu, kisha kwa makini, kisha akanyoosha kidole. Kunzes akamruhusu aguse.

"Iliuma?"

"Iliuma. Halafu ikaacha kuuma. Twende hospitali Leh, nitakuwa nawe."

"Leo?"

"Kwani unangoja nini? Baba Diskit, utawapikia mbuzi."

"Mbuzi hawapikiwi!"

"Basi jipikie mwenyewe," Kunzes alisema, akavaa viatu.

Daktari Nilza alimpima Zangmo taratibu, akamuuliza maswali, akampima tena. Zangmo alikuwa amekamata vidole vya Kunzes kwa nguvu kiasi kwamba vilikufa ganzi. Majibu kamili yangehitaji sindano na subira, daktari alisema, lakini kitu chenyewe kilikuwa kidogo sana na kwapani hakukuwa na dalili yoyote.

"Umekuja mapema," alimwambia. "Laiti wangekuja wote mapema hivi."

Zangmo akamgeukia Kunzes, shali imemwangukia mabegani. "Sasa kinachofuata ni nini, mama?"

Kunzes akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, na akaanza kumweleza, tangu sindano ya kwanza.